Mchezo wa Vikosi na Somo la Hisabati: Namna ya Kuupima Mchezo Kabla ya Kuuleta Darasani

Utangulizi

Mwalimu mwanafunzi anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Makambako au Njombe mjini aghalabu hukutana na mtoto wa namna hii: darasani anashindwa kueleza jinsi ya kuwagawa watu 8 katika makundi matatu, jioni, ndani ya kibanda cha gemu, anaongoza kikosi cha askari kwenye runinga, anakigawa, anapeleka huku wachache na kule wengi, na anajua kila kundi limebakiwa na silaha ngapi. Fedha aliyolipia mchezo huo pengine ilikuwa ya kununulia daftari, na saa aliyoitumia pengine ilikuwa ya shule.

Makambako ni njia panda. Hapo barabara ya kwenda Njombe na Songea huachana na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, na hapo pia hupita reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Bidhaa za kila aina hushuka mahali kama hapo, na mashine za michezo ni miongoni mwake. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba jambo hili ni la mijini mbali huko.

Walimu hulipokea kwa njia mbili. Wa kwanza hushika fimbo, na kila anayetajwa kuonekana kibandani huadhibiwa. Wa pili hukunja mikono na kusema kwamba mchezo nao ni elimu, mtoto ataelimika mwenyewe. Hawa wawili wanaonekana kupingana, lakini wamefanana katika jambo moja: hakuna aliyeuchunguza mchezo wenyewe. Mwalimu hukagua kitabu kabla ya kukisomesha na hujaribu kifaa kabla ya kukionyesha. Mchezo nao unastahili ukaguzi huohuo.

Katika makala haya tutaeleza maswali manne ya kuupimia mchezo. Tutayatumia kuupima mchezo mmoja wa zamani wa vikosi, tuulinganishe na bao letu, kisha tuonyeshe jinsi ya kuchukua kilicho chema ndani yake na kukifundisha bila umeme na bila mashine.

Onyo moja latakiwa mapema. Mashine za kutumbukiza sarafu ambazo watu huziita bonanza hazimo katika mjadala huu. Hizo ni kamari. Mtoto hana analoliamua humo ila kutoa fedha, na sheria ya nchi inawakataza walio chini ya miaka 18 kucheza kamari. Hapo mwalimu hana cha kupima.

Maswali manne

Swali la kwanza: Mchezo unamtaka mtoto aamue nini? Mchezo usiotaka uamuzi ni burudani ya macho tu.

Swali la pili: Mtoto akikosea, je, anaweza kuliona kosa lake na chanzo chake? Kosa lisiloonekana halisahihishwi.

Swali la tatu: Je, mchezo unampa nafasi ya kufikiri na kueleza sababu?

Swali la nne: Mchezo unamzoeza mtoto kuwatazama watu wengine kwa jicho gani?

Mchezo wenyewe

Tumeuchagua mchezo uitwao Cannon Fodder, uliotengenezwa Uingereza na kampuni ya Sensible Software na kutolewa mwaka 1993. Kwanza ulichezwa kwenye kompyuta ya Amiga, kisha ukahamishiwa kwenye mashine za michezo za wakati ule, zikiwamo Mega Drive ya Sega na Super Nintendo. Ni mchezo wa zamani sasa, na picha zake ni ndogo na nyepesi. Lakini kanuni zake ni chache na ziko wazi, hata mwalimu asiyewahi kushika mashine anaweza kuzielewa. Na michezo mingi ya vikosi iliyofuata ina mambo yaleyale, ila yamefunikwa kwa picha nzuri zaidi.

Mchezaji hutazama uwanja kutoka juu, kama mtu aliyepanda mti. Chini anaona askari wake wadogo, wasiozidi wanane kwa wakati mmoja. Anaonyesha mahali, nao wanakwenda; anaonyesha adui, nao wanapiga risasi. Risasi haziishi, lakini mabomu ya mkono na makombora yana idadi, na hayo ndiyo yanayobomoa majengo. Hapa ndipo hesabu inapoanza, kwa sababu jengo la adui lisipobomolewa huendelea kutoa askari wapya. Anayekawia kulifikia hukuta kazi imeongezeka.

Kikosi kinaweza kugawanywa hadi makundi matatu. Mchezaji akigawa watu, hana budi kugawa na mabomu pia. Ardhi nayo ina masharti yake: askari aliye katika maji ya kina huogelea na hawezi kupiga risasi, kwa hiyo kuvusha kikosi mtoni bila kundi jingine la kukilinda ni hatari. Mambo haya yote hutokea mfululizo. Hakuna zamu. Mchezaji anapofikiri, adui haachi kutembea.

Jambo moja limeufanya mchezo huu ukumbukwe kuliko mingine ya wakati wake. Kila askari ana jina. Wawili wa kwanza wanaitwa Jools na Jops. Anayebaki hai hupandishwa cheo. Anayekufa harudi tena. Kabla ya kila kazi mpya huonyeshwa kilima, na chini yake vijana wapya wamepanga foleni wakisubiri kuandikishwa. Kila askari anayekufa huongeza kaburi juu ya kilima hicho. Mwanzoni kilima ni kijani kitupu; kadiri mchezo unavyoendelea makaburi yanajaa, na foleni haiishi.

Mchezo ulipotolewa ulizusha ugomvi Uingereza, kwa sababu ulitumia ua jekundu la popi, ambalo Waingereza hulivaa kila mwezi wa Novemba kuwakumbuka askari wao waliokufa vitani. Chama cha Royal British Legion kilipinga, na magazeti yakalaumu. Sisi tunaowakumbuka mashujaa wetu kila tarehe 25 Julai hatushindwi kuelewa uchungu huo. Hata hivyo waliotazama kilima kile kwa makini waliona kwamba mchezo ulikuwa unaisuta vita.

Kuupima mchezo

Katika swali la kwanza, la uamuzi, mchezo huu unapata alama nzuri. Mtoto anaamua nani aende wapi, na nini kitangulie. Anagawa watu na vitu pamoja, tena mara nyingi kwa mafungu yasiyolingana. Katika vitabu vya hisabati tumezoea kugawa sawa kwa sawa: machungwa 12 kwa watoto 4. Lakini katika maisha mgawanyo mwingi si wa namna hiyo. Mkulima wa Njombe anayegawa mbolea kati ya shamba la viazi na la mahindi hagawi nusu kwa nusu. Anauliza kila shamba linahitaji kiasi gani. Mchezo wa vikosi unauliza swali hilohilo.

Katika swali la pili, la kosa, mchezo unapata nusu. Kosa linaonekana, kwani askari hufa na kaburi huongezeka. Lakini chanzo chake hakionekani kwa urahisi. Mtoto aliyepoteza watu watano mtoni hajui kama alikosea kwa kugawa vibaya, kwa kupita njia mbaya, au kwa kidole kuchelewa. Aghalabu husema, "Nilichelewa," akaanza upya, akafanya lilelile kwa haraka zaidi.

Swali la tatu ndilo linaloushinda mchezo huu. Nafasi ya kueleza sababu haipo. Mtoto huamua, lakini uamuzi hupita mkononi bila kupita mdomoni. Na lile ambalo mtoto hajawahi kulisema, ni vigumu kulichukua kutoka kibandani akalileta kwenye daftari. Hii ndiyo sababu mtoto tuliyemtaja mwanzoni anaweza kugawa vizuri jioni akashindwa asubuhi. Akili anayo, alichokosa ni mtu wa kumsimamisha na kumwuliza, "Kwa nini umepeleka watatu huku na wawili kule?"

Hebu tulinganishe na bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete 64, kila mchezaji 32. Mchezo unapoanza kila mmoja ameweka kete 10 ubaoni na kubaki na 22 mkononi, za kunamua. Hapa pia kuna kugawa: kete zilizotekwa husambazwa shimo kwa shimo, na mchezaji hodari hujua kabla ya kuanza kete ya mwisho itaangukia wapi. Lakini bao lina zamu. Mwenzako anapocheza wewe unahesabu, na wazee waliozunguka ubao wanabishana kwa sauti kwa nini kete ile imechezwa hivi na si vile. Mwalimu Nyerere, aliyejulikana kwa kupenda bao, alicheza mchezo huu wenye darasa ndani yake. Ubishi wa watazamaji ndio ufundishaji.

Katika swali la nne, jibu la mchezo huu lina sura mbili. Kilima cha makaburi kinamwambia mtoto kwamba kila askari ana jina na kila uamuzi una gharama. Hilo ni fundisho kubwa. Lakini mikono yake wakati huohuo inazoezwa kuua watu wasio na majina, na kuua huko kunafurahisha. Mtoto mkubwa aweza kuziona sura zote mbili. Mtoto wa Darasa la Tatu ataiona ya pili tu.

Nasi hapa hatuizungumzi vita kama ngano. Mwezi wa Septemba 1905 vita vya Maji Maji vilifika katika nchi ya Wabena, na misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, ikashambuliwa. Hadi vita vilipokwisha mwaka 1907, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekufa kusini mwa nchi, na wengi wao waliuawa na njaa, baada ya majeshi ya Wajerumani kuchoma vyakula na mashamba. Mwalimu anayefundisha katika udongo huo asimpe mtoto vita kama kichezeo bila kufikiri mara mbili.

Hukumu yetu, basi, ni hii. Mchezo una hisabati nzuri ndani yake, lakini umeiweka mahali ambapo mtoto hawezi kuisema, na umeivika vazi ambalo shule ya msingi haina haja nalo. Kazi ya mwalimu ni kuitoa hisabati hiyo, kuivika vazi jingine, na kuipa zamu.

Somo la mfano: Kikosi cha kuzima moto

Vazi tulilolichagua ni la kuzima moto. Watoto wa Njombe wanaishi kati ya mashamba ya misindano na miwati, na wanajua moto wa kiangazi unavyoweza kuteketeza miti ya miaka mingi. Tena moto unafanana na majengo ya adui katika mchezo ule: usipofikiwa mapema huongezeka.

Darasa: la Nne. Muda: vipindi viwili vinavyofuatana.

Lengo: Mwanafunzi aweze kugawa idadi katika mafungu yasiyolingana kulingana na mahitaji, na kueleza sababu kwa maneno.

Vifaa: Kwa kila kundi la wanafunzi 6 hadi 8, punje 8 za maharage, ambazo ni wazima moto, vizibo 8 vya chupa za soda, ambavyo ni ndoo za maji, na mawe madogo kama 20, ambayo ni makaa. Darasa likiwa kubwa, tokeni nje. Udongo mkavu uliofagiliwa watosha kuwa ubao.

Uwanja: Kila kundi lichore mraba wenye vyumba 6 kwa 6. Chumba cha pembe ya chini kushoto ni kambi. Moto wa kwanza uko juu ya kambi, vyumba 4 kwenda juu. Moto wa pili uko vyumba 5 kulia na 1 juu. Moto wa tatu uko vyumba 5 kulia na 3 juu. Kila moto uanze na makaa 2.

Kanuni:
1. Kila mzima moto hubeba ndoo moja tu. Hakuna kurudi kambini kuchota tena.
2. Kikosi kinaweza kwenda pamoja au kugawanyika hadi makundi matatu. Kugawanyika hufanyika kambini.
3. Kwa zamu moja kila kundi husogea vyumba visivyozidi 2. Hakuna kupita mshazari.
4. Kundi likifika penye moto humwaga maji palepale. Moto huzimika iwapo ndoo zilizomwagwa ni sawa na makaa yaliyopo.
5. Mwisho wa zamu ya 2, ya 4, ya 6, na kuendelea hivyo, kila moto unaowaka huongezwa kaa 1.
6. Kabla ya kusogeza punje yoyote, msemaji wa kundi aseme: "Tunafanya hivi kwa sababu..." Asiposema, zamu hupita bila kusogea.

Kanuni ya sita ndiyo moyo wa somo. Mwalimu aliyeiacha ameleta kibanda cha gemu shuleni.

Hatua ya kwanza: Waache wanafunzi wacheze mara moja wapendavyo. Makundi mengi yatapeleka kikosi kizima pamoja, kwa kuwa wingi huonekana kuwa nguvu. Wakizima moto wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, watahitaji ndoo 2, halafu 4, halafu 5, yaani 11. Nao wana 8. Hata njia iliyo bora ya kwenda wote pamoja, ya kutoka moto wa kwanza hadi wa tatu na kumalizia wa pili, inahitaji ndoo 10. Msiwaambie. Waacheni wahesabu wenyewe maji yalipoishia.

Hatua ya pili: Waambie wachore jedwali lenye safu tatu: umbali wa moto kutoka kambini, zamu ya kufika, na makaa yatakayokuwapo. Moto wa kwanza uko mbali vyumba 4, hufikiwa zamu ya 2, na makaa bado ni 2. Wa pili uko mbali vyumba 6, hufikiwa zamu ya 3, na makaa ni 3. Wa tatu uko mbali vyumba 8, hufikiwa zamu ya 4, na makaa ni 3. Sasa swali linajitokeza lenyewe: 2 na 3 na 3 ni ngapi?

Hatua ya tatu: Wacheze tena. Wengine watagawa makundi matatu, ya watu 2, 3 na 3. Wengine watagundua kwamba makundi mawili yanatosha: watu 2 kwa moto wa kwanza, na 6 waende moto wa pili, kisha wapande vyumba 2 hadi wa tatu, wafike zamu ya 4 ileile. Majibu yote mawili ni sahihi. Mwalimu asikimbilie kutangaza lipi bora. Awaulize makundi yabishane. Mmoja atasema watu 6 pamoja husaidiana. Mwingine atasema kundi lile likichelewa njiani, moto wote miwili umepotea.

Hatua ya nne: Mwalimu apige ngoma au meza. Kila akihesabu 5 zamu imekwisha, asiyesogeza amekosa. Kanuni ya sita iondolewe kwa mchezo huu mmoja, na moto mmoja uhamishwe mahali pengine bila wanafunzi kujua mapema. Makelele yatakuwa makubwa na makosa mengi. Kisha wakae, mwalimu aulize: "Safari ipi mliweza kujua mlikosea wapi?" Kwa njia hii watoto wenyewe wataona tofauti ya mchezo wa haraka na mchezo wa zamu, na mwalimu hatahitaji kuwahubiria juu ya vibanda.

Tathmini: Usiwapime kwa nani aliyezima moto. Mpe kila mwanafunzi uwanja mpya kwenye daftari, wenye moto miwili na wazima moto 7, aandike mgawanyo wake na sentensi mbili za sababu. Aliyegawa sawasawa bila sababu apewe alama pungufu ya aliyekosea hesabu moja huku hoja yake ikiwa imara.

Mambo ya kuangalia

Wapo wanafunzi, hasa wale wanaokwenda kibandani, watakaotaka kuongoza kundi peke yao. Msemaji abadilishwe kila zamu. Mara nyingi mtoto aliyehesabiwa kuwa mzito ndiye atakayeonyesha ujuzi hapa. Mwalimu asikilize vizuri jinsi anavyoeleza, kwa kuwa hapo ameanza kuvusha ujuzi wake kutoka mkononi kwenda mdomoni.

Wasichana wasiachiwe kazi ya kuchora uwanja na kuokota mawe tu. Nao wawe wasemaji kwa zamu zao.

Juu ya utoro na fedha za daftari, somo hili haliondoi wajibu wa mwalimu wa kuzungumza na wazazi. Lakini mwalimu anayeweza kusema, "Tumeuchunguza mchezo huu, hiki ni chema, na hiki ni kibaya," husikilizwa na mzazi na mtoto pia, kuliko yule anayekataza asichokijua.

Maswali ya majadiliano

1. Chagueni mchezo wowote unaochezwa na watoto karibu na shule yenu ya mazoezi, uwe wa mashine, wa ubao au wa uwanjani. Upimeni kwa maswali manne yaliyotajwa.

2. Katika somo la mfano, iwapo wazima moto wangekuwa 9 na ndoo 9, mtu na ndoo ya ziada wangewekwa kundi lipi? Toeni sababu mbili zinazopingana.

3. Tungeni vazi jingine la mchezo huu linalofaa mahali mtakapofundishia, kama vile kugawa dawa kwa zahanati au magari kwa mavuno ya viazi. Ni kanuni ipi itabidi ibadilike?

4. Andikeni andalio la kipindi kimoja la kufundisha kujumlisha na kutoa kwa bao, kwa kutumia kete 32 za mchezaji mmoja.